Mpe Kijiko Mchumba Wangu

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti niliusikilizia kwenye daladala, na nilipofika nyumbani ikabidi niusikilize tena, maana sikujua unalia au unacheka. Nakujibu kwa maandishi ili uweze kumsomea na dada wa kazi, kwa sababu yeye ndiye anayeshinda na mtoto.

Kwa hiyo wifi yako kaja na mwanawe, naye ana mwaka na miezi minane kama mwanao, mchumba wangu, anakula wali mwenyewe, anavua viatu, akibanwa na mkojo anasema. Wako bado analishwa, tena mbele ya katuni. Na mama mkwe naye akatia neno lake. Unaniuliza mimi ninayeshinda na watoto wa watu kwenye kituo cha kulelea watoto, kama mwanao kachelewa. Kwa hayo uliyonieleza, hajachelewa. Hajapewa nafasi.

Hebu kumbuka alivyoanza kutembea. Hakufika hata mwaka, ukanipigia simu usiku kunitangazia. Lakini kabla ya hapo bibi yake alikuwa akimkalisha kwa mito kila siku, akimsimamisha kwenye ukingo wa kitanda, "simama dede, simama dede", nyumba nzima inapiga makofi. Mtoto alifundishwa kutwa. Miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani, Charles Super, aliwachunguza watoto wa Kipsigis kijijini Kokwet, Kenya, akakuta wanakaa na kutembea mapema kuliko watoto wa kwao Marekani. Sababu aliiona uwanjani: mtoto anachimbiwa kishimo kifupi, anakalishwa humo, anazungushiwa blanketi mgongoni asianguke. Kutambaa, ambako hakuna aliyehangaika kuwafundisha, hawakuwatangulia wenzao.

Mkojo ni vivyo hivyo. Hao Wadigo majirani zetu, kuna utafiti uliotoka mwaka 1977 juu ya wale wa pwani ya Kenya, unaeleza kuwa mama huanza na mtoto akiwa na wiki chache tu. Anakaa chini, ananyoosha miguu, anampakata mtoto katikati na kumtolea mlio wa kumshawishi akojoe. Ikifika miezi mitano au sita, mtoto keshaelewa. Ndiyo maana bibi zetu wakiona pampasi kwa mtoto wa miaka miwili wanaguna. Sasa usije ukaanza kumkaripia mwanao, wale mama wa Kidigo walikuwa na watoto wao mgongoni kutwa, na wewe unatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni ya mwendokasi. Kwa maisha yenu, angalia kama anakaa mkavu kwa muda wa saa mbili hivi, kama anaweza kushusha kaptula, na kama anakuonyesha kuwa kabanwa. Akiwa hivyo mletee poti, akae baada ya kuamka na baada ya kula, dakika chache, kisha aondoke hata kama hakufanya kitu. Watoto wengi huelewa kati ya miaka miwili na mitatu. Usiku huchelewa zaidi, na hilo si la kumchapia mtoto.

Tatizo letu ni kijiko. Kutembea tunamhimiza, kusalimia tunamhimiza, "mpe shikamoo babu", lakini kijiko tunamnyima kwa sababu kinachafua. Wali unamwagika, nguo inaoshwa upya, sofa linapata mchuzi, na mchele bei yake unaijua. Hapo dada akiwa na vyombo vya kuosha anaona bora amlishe mara moja yaishe. Simlaumu. Ila mtoto anayefunguliwa mdomo kwa katuni hajui hata alichokula, wala hajui kuwa ameshiba.

Nikueleze ninavyowaona kituoni. Mtoto wa mwaka na nusu akipewa kijiko anakishika kwa ngumi nzima, kama anayeshika mwiko. Anachota. Kijiko kinapanda sawasawa mpaka karibu na kidevu, halafu kinageuka tumbo chini na chakula chote kinaangukia mapajani, kwa sababu kifundo cha mkono bado hakijajua kujigeuza. Anakitazama kijiko kitupu, anakilamba hivyohivyo. Mara ya pili anaokota wali kwa mkono wa kushoto, anaupanga juu ya kijiko alichoshika mkono wa kulia, ndipo anatia mdomoni. Mtu mzima akiona hivyo anacheka na kumpokonya. Mwache, hapo anafanya kazi kubwa. Akikaribia miaka miwili wengi wanakula kwa kijiko, wanamwaga lakini wanashiba.

Basi anza na chakula kinachong'ang'ania kijiko. Bokoboko, mtori mzito, ubwabwa uliorojeka, uji wa ulezi uliokaza. Wali mkavu wa nazi, unaochambuka punje moja moja, ni mtihani hata kwa wageni wa bara, usimwanzishie nao. Kijiko kiwe kifupi na bakuli lisilo jepesi sana. Mkalishe kwenye mkeka, mvue shati, mwekee chakula kidogo kidogo. Vijiko viwe viwili: kimoja chake, kingine cha dada, na dada atie tonge pale mtoto anapochoka. Ndizi mbivu na kiazi kitamu cha kuchemsha ashike kwa vidole. Karanga nzima, pipi ngumu na bisi asipewe kabisa umri huu, zinaziba koo, na akiwa anakula akae chini, asizunguke na chakula mdomoni. Kikombe pia mpe cha wazi, kisicho na mfuniko, maji yakiwa funda mbili tu chini, hivyo akimwaga hamwagi kitu.

Mkono wa kulia utakuja. Mwelekeze kwa upole, mwekee kijiko upande huo, lakini akibadilisha usimpige kofi la mkono. Umri huu watoto wengi bado wanatumia mikono yote miwili.

Nguo ni rahisi zaidi, maana kuvua hutangulia kuvaa. Kofia, soksi, ndala, kisha kaptula ya lastiki. Siri yenyewe ni kumwachia hatua ya mwisho: wewe unamvisha mpaka magotini, yeye anaivuta juu mwenyewe, anajiona kidume. Akizoea unamwachia na hatua iliyotangulia. Vifungo na zipu sahau kwanza. Na ukimvalisha usimgeuze kimya kimya, mwambie "lete mkono", usubiri. Wa umri wake anatakiwa kuuleta.

Kunawa mmiminie maji kwa jagi, yeye akinge mikono. Ila mtu akimaliza, maji ya ndoo yamwagwe au ndoo ifunikwe, maana mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo tu. Hili mwambie dada mara mbili.

Sasa huyo binamu. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, wakakuta mtoto anaweza kutembea bila kushikwa popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi, na wachache, kama wanne katika mia, hawakutambaa kabisa. Mwanya wa miezi tisa na zaidi, na wote wazima! Mwambie mama mkwe hivyo, kwa adabu.

Lakini kuna mambo ambayo nisingekwambia usubiri. Mtoto wa miezi 18 asiyetembea. Asiyenyoosha kidole kukuonyesha kitu, asiyegeuka akiitwa, asiye na neno hata moja. Anayetumia mkono mmoja tu tangu hajafika mwaka, wa pili umelala. Na zaidi ya yote, aliyekuwa akijua kitu kisha akakiacha, alikuwa anaita "baba", sasa haiti. Huyo apelekwe kliniki wiki hiyohiyo, asingojewe "atabadilika akikua". Wako umesema anakuonyesha paka dirishani na anajua kusema "taka maji", kwa hiyo mimi sina hofu naye. Hata hivyo, angalia kwenye kadi kama alipata ile chanjo ya surua na rubela ya miezi 18, kwa sababu ulikuwa safarini Mwanza kipindi kile. Kama bado, mpeleke, na ukifika muulize muuguzi maswali yote haya, usiishie kwenye mizani.

Nakuomba katuni zizimwe wakati wa kula, hata kama siku za kwanza atapiga kelele. Atakula kidogo siku hizo, usiogope, jioni atafidia.

Nitakuja Dar mwisho wa mwezi kwa shughuli ya kwa shangazi, nitalala kwako. Naleta dagaa na embe dodo, na ukimpata fundi wa lile feni mwambie aje kabla sijafika. Shemeji msalimie sana, wifi pia, na mchumba wangu nimbusie, hata akiwa na ubwabwa shavuni.

Wako,
Shoga yako wa Ngamiani