Malalamiko kuhusu printa ya leza niliyouziwa kwamba inakubali Linux

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Wiki tatu zilizopita nilipanda treni kutoka Morogoro hadi dukani kwenu Kariakoo kununua printa ya leza ya nyumbani, ya nyeusi na nyeupe. Nililipa shilingi 480,000. Nakala ya risiti nimeiambatanisha. Mpaka leo haijanitolea hata karatasi moja.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Mitihani ya majaribio ya kidato cha nne naitunga na kuichapa mwenyewe nyumbani, maana ukiipeleka steshenari kwenye flashi huna hakika nani amebaki na nakala. Kompyuta yangu ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM, na inatumia Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Ndiyo maana kabla ya kutoa pesa nilimuuliza muuzaji wenu, polepole, mbele ya mwenzake: printa hii inaelewa PostScript au PCL, zile lugha za kawaida za printa? Kama haielewi, ina AirPrint, ile njia ya kuchapa bila programu ya mtengenezaji? Akanionyesha neno Linux kwenye boksi, akasema, "Mwalimu, hii inakubali Linux zote, usiwe na wasiwasi."

Haikuwa kweli. Printa hii haielewi hata moja kati ya hizo. Inasubiri kompyuta iuandae ukurasa mzima kwa lugha ya siri ya mtengenezaji, na kazi hiyo inafanywa na draiva yake peke yake, yaani programu ya kuiendesha printa. Draiva nimeipakua. Ni ya prosesa za Intel na AMD tu. Nilipoisakinisha, dpkg, programu ya Debian ya kusakinisha, iliikataa papo hapo, kwamba kifurushi ni amd64 (cha prosesa hizo za Intel na AMD) na mashine ni arm64 (ya ARM). Msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu hutengenezwa kutokana nayo, haukutolewa, kwa hiyo si mimi wala fundi wenu anayeweza kuijenga upya kwa prosesa yangu.

Nilipopiga simu, fundi alinijibu niweke Windows. Jibu hilo liliniuma kuliko hasara yenyewe. Sikuja kwenu kutafuta mfumo wa kompyuta. Ninao, naufahamu, na wanafunzi wangu wanajifunzia humo bila kulipia leseni. Nilikuja kutafuta printa ya kuendana nao, na nilisema hivyo waziwazi.

Printa za namna hiyo mnazo. Yenye AirPrint, teknolojia ambayo Apple waliitoa 2010 kwa ajili ya simu zao, CUPS, programu ya kuchapa ya kwenye Linux, huweza kuitumia bila draiva ya mtengenezaji, prosesa iwe ya aina yoyote. Niliiona moja kwenye shelfu ileile, imezidi kwa shilingi 70,000 tu. Ningeambiwa ukweli ningeichukua siku hiyohiyo.

Naomba mnibadilishie nipewe hiyo, nami nitaongeza tofauti ya bei. Au mnirudishie pesa zangu zote pamoja na nauli. Printa imo kwenye boksi lake na kila kilichokuja nayo. Naomba pia wauzaji wenu waelezwe kwamba neno Linux kwenye boksi halitoshi, waangalie ni kwa prosesa gani.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitapeleka barua hii Tume ya Ushindani. Mitihani yangu inaanza mwezi ujao.

Wenu mteja,
Mwalimu wa hisabati, Morogoro