Risala ya Klabu ya Mambo ya Kale kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shikamoo. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kutusikiliza.

Klabu yetu ilizaliwa na swali moja la mtihani wa ndani. Swali lilitaka zamadamu, yaani viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, wapangwe kwa kufuatana. Mwenzetu wa kidato cha pili aliandika kwamba Zinjanthropus na Homo habilis waliishi zama moja, akakosa alama zote. Mchoro wa ukutani darasani unaonyesha viumbe katika mstari mmoja, wa kwanza kainama, wa mwisho kasimama wima, kana kwamba kila mmoja alimpisha mwenzake.

Tuliingia maktaba. Mtafiti Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus pale Korongo la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis akiwa kambini anaumwa. Mwaka uliofuata, katika korongo lilelile, ikaanza kupatikana mifupa ya kiumbe mwenye ubongo mkubwa zaidi na magego madogo, aliyepewa jina la Homo habilis mwaka 1964. Wote wawili walikuwapo hapo miaka inayokaribia milioni 1.8 iliyopita. Mwenzetu alikuwa sahihi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zamani wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba ubongo ulitangulia kukua, ndipo babu zetu wakasimama. Kwa imani hiyo fuvu la Piltdown la Uingereza, lililotangazwa mwaka 1912, liliheshimiwa hadi mwaka 1953 ilipobainika kuwa ni la kughushi: fuvu la mtu lililounganishwa na taya la orangutani. Laetoli, eneo jingine la kaskazini mwa Tanzania, ilileta ushahidi usioghushika. Mwaka 1978 ziligunduliwa pale nyayo za waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, juu ya majivu ya volkano yaliyoloa mvua kisha yakaganda kama saruji. Wenye nyayo hizo walikuwa na ubongo usiozidi sana wa sokwe. Miguu ndiyo iliyotangulia.

Lakini kinachotugusa zaidi ni nyayo tano ambazo hazimo katika vitabu vyetu. Zilionekana Laetoli mwaka 1976, miaka miwili kabla ya hizo maarufu. Kwa kuwa umbo lake lilikuwa la ajabu, ilidhaniwa huenda ni za dubu, zikaachwa. Mwaka 2019 watafiti, Watanzania wakiwamo, walirudi wakazifukua na kuzisafisha, wakazilinganisha na nyayo za dubu wa Marekani, za sokwe na za watu. Matokeo yalitoka mwaka 2021: si dubu. Ni zamadamu, na huenda wa aina tofauti na wale waliopita jirani. Ardhi ileile, majivu yaleyale, na pengine watembeaji wa aina mbili.

Tulijaribu wenyewe. Tulimwaga majivu ya jikoni nyuma ya bweni, tukayalowesha, tukapita pekupeku mmoja mmoja. Kisigino kilizama kuliko sehemu nyingine zote, na kidole gumba kikalala sambamba na wenzake. Kisha mmoja wetu akapita akivusha mguu mbele ya mwingine, kama zilivyokaa baadhi ya nyayo zile tano. Aliyumba, akashika ukuta. Alama yake iko nje, chini ya turubai. Tunaomba uione kabla hujaondoka.

Tuna maombi matatu. Kwanza, nakala ya plasta ya fuvu la Zinjanthropus, kwa maana fuvu lenyewe liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na wengi wetu hatujafika huko. Pili, usafiri wa kwenda Oldupai na Laetoli muhula ujao, chakula tutajichangia. Tatu, utusaidie kupata mchoro mpya wa ukutani, wenye matawi badala ya mstari. Huu wa sasa tumeuacha mahali pake, lakini tumebandika karatasi pembeni yenye mwaka 1960, mwaka 1978 na mwaka 2021, na tumeacha nafasi chini yake.

Tunaomba kuwasilisha.