Yah: Malalamiko kuhusu magunia 40 ya karafuu, na nilivyotendewa dirishani kwenu

Meneja,
Idara ya Mizigo, Safari za Proxima

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima zote, hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za mwanzo mmezijibu kwa kuniletea ankara.

Kifungu cha 14 cha mkataba wetu mmekiandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea. Siku 30 tangu chombo kufunga gati, zikipita mwenye mzigo analipia ghala. Chombo chenu cha anga kilifika baada ya miaka 5 na miezi karibu minne. Taarifa ya kufika mlinirushia siku ile ile, lakini Proxima, nyota mlikoupeleka mzigo wangu, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, na mawimbi ya redio hayajui njia ya mkato. Yamenikuta Wete baada ya miaka mingine 4 na miezi mitatu. Siku zangu 30 zilikuwa zimekwisha zamani, nami hata sijui kama mzigo umeshuka salama. Hata ningejibu saa ile ile, jibu langu lingefika ghalani miaka 8 na nusu baada ya chombo kufunga gati. Haya mliyajua siku mnaniuzia nafasi.

Hilo ningelistahamilia, maana biashara ina hasara zake. Nililoshindwa kulimeza ni la Jumatatu ile.

Nilikuja na hati ya shehena na kifuko cha sampuli, kile mlichokitia lakiri wenyewe siku ya kupakia Ngomeni, pwani ya Kenya. Ofisa wenu hakuinua uso. Aliikata lakiri kwa mkasi, akazimwaga karafuu juu ya kaunta, akazichokoa kwa ncha ya kalamu na kuniambia, "Bi mkubwa, kwa takataka hizi ndiyo unatusumbua?" Kisha akazikumba kwa kiganja zikaingia kwenye pipa la taka.

Karafuu zile alizichuma baba yangu. Zile tani 2 zote tulizichambua makonyo kwa mikono, tukazianika siku nne mbele ya nyumba, wingu likitanda tu tunakimbilia kukunja majamvi. Baba alikuwa akichukua moja na kuivunja sikioni. Isipolia, jamvi zima linarudi juani. Amefariki mwaka wa saba wa kuisubiri taarifa yenu, Mungu amrehemu, na kila akiamka aliuliza kama watu wa chombo wameleta habari.

Na hizo ankara zenu. Gharama za safari mmenitoza kwa saa ya duniani, miaka 5 na miezi karibu minne. Nilipodai fidia ya kucheleweshewa malipo mkanijibu kwamba kwa saa ya chombo, ambayo huenda polepole kwa mwendo wenu wa asilimia 80 ya kasi ya nuru, safari ilikuwa ya miaka 3 na miezi miwili tu, kwa hiyo hakuna kuchelewa. Ada ya mwaka ya ghala nayo mnaihesabu kwa mwaka wa sayari iliko ghala lenu, ambayo inalizunguka jua lake kwa siku 11 na ushei. Yaani nimetozwa ada ya mwaka mara 32 ndani ya mwaka mmoja wa kwetu! Saa tatu tofauti, na kila moja mnaitumia pale inaponiumiza mimi.

Msituone washamba. Ngomeni imerusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, watu wa pwani hii hawajaanza jana kuona moto ukipaa baharini. Na kabla ya hapo wazee wetu walifanya biashara na Bara Arabu kwa majahazi. Chombo kilikuja na kaskazi, kikasubiri kusi kirudi, na mwenye mzigo aliufuata upepo huo huo. Hakutozwa kwa kuchelewa kujibu habari ambayo bado iko njiani.

Narudi kwenye lile pipa, kwa sababu kila nikilala naliona. Nyuma yangu walikuwapo watu wapatao kumi, wote kimya. Nilimwambia, "Mwanangu, hizo ni za marehemu baba yangu." Akasema, "Anayefuata." Akazikumba, na moja ikabaki kwenye ufa wa kaunta. Niliitoa kwa ukucha mbele ya watu wote. Ninayo mpaka leo, imefungwa kwenye ncha ya kanga yangu. Na fahamuni kwamba kifuko kile kilikuwa ushahidi wangu pekee wa ubora wa mzigo. Ofisa wenu ameuharibu mkononi mwake, na kamera yenu iko juu ya dirisha lile.

Nilikuwa nataka mfute ada ya ghala tu. Sasa nataka mnirudishie nauli yote ya mzigo, na thamani ya magunia 40 kwa bei ya Proxima ya siku chombo kilipofunga gati. Nataka pia ofisa yule aje Wete, akae barazani kwetu, amwombe radhi mama yangu kwa mdomo wake. Barua ya radhi siipokei.

Mkikaa kimya, nakwenda mahakamani na nitaomba picha za kamera ile. Kabla ya msimu wa kuchuma nitazunguka kwa wakulima, Wete mpaka Mkoani, kila mtu nimwoneshe ankara zenu. Hakuna gunia litakalopanda chombo chenu kutoka Pemba.

Nawapa siku 14 kujibu kwa maandishi. Ni siku za Wete.

Wenu,
Mteja, mwenye hati ya shehena iliyoambatishwa
Wete, Pemba