Barua ya Wazi kwa Wauguzi Vijana wa Lamu

Wanangu wapendwa,

Assalamu alaykum. Nawaandikia nikiwa mama yenu aliyestaafu uuguzi, na shauri langu linahusu mikono yenu, kwa sababu mgonjwa huitazama kabla hata hamjamuuliza anaumwa wapi. Mama aliyetoka Faza kwa mashua, amempakata mtoto mwenye homa, hufika wodini hofu imekwisha kumjaa, na macho yake huenda moja kwa moja kwenye vidole vitakavyomshika mwanawe.

Nilipokuwa kijana kama nyinyi niliingia zamu na pete tatu na kucha ndefu nilizozipaka rangi kwa ajili ya arusi ya jamaa. Nilipoinama kumfunga mzee mmoja kidonda cha mguu, aliuvuta mguu wake, akaniambia kwa upole nikanawe kwanza. Nilikuwa nimenawa, lakini yeye angejuaje? Tena shaka yake ilikuwa na msingi, kwani uchafu na vijidudu hujificha chini ya pete na kucha, maji na sabuni visifike. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, liliwashauri wanaohudumia wagonjwa wasivae kucha za bandia, na kucha zao wenyewe zisifike nusu sentimita. Hata saa tuliitundika kifuani ili kifundo cha mkono kibaki wazi.

Hina siilaumu. Hina ya majani huingia ngozini, na mkono wenye hina hunawika kama mkono mwingine, kwa hiyo sioni sababu ya bi arusi kukemewa akirudi kazini. Mtandio nao uvaeni kwa heshima yake yote, ila ncha zake zichomekeni ndani ya sare zisiguse kidonda.

Sare yenyewe ivueni kabla ya kutoka. Vichochoro vyetu ni vyembamba, watu hupishana bega kwa bega, na anayekuona sokoni karibu na Ngome ukichagua samaki na nguo ya wodini atawatilia shaka wauguzi wote. Simu ibaki mfukoni: picha ya mgonjwa ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihifadhi.

Kesho mkiingia zamu, acheni pete nyumbani, kisha naweni pale ambapo mgonjwa anawaona.

Mama yenu,
Muuguzi mstaafu, Lamu