Kuhusu kile kipimo cha mama

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi, na poleni kwa kuuguza. Nimekaa kimya siku nyingi, ila ujumbe wako wa juzi umeninyima raha.

Unasema kortisoli ya mama, ile homoni ya msongo, imerudi ya chini kwenye kipimo cha damu, na kaka yako ameshatangaza kwamba basi mama hana msongo wowote, anadeka tu. Anadeka! Mtu ana saratani ya ini! Mwambie asubiri kwanza.

Kortisoli hutolewa na tezi zilizo juu ya figo, lakini ikiingia kwenye damu, karibu yote, asilimia 90 na zaidi, hubebwa na protini, na protini hizo hutengenezwa na ini. Ini lenye makovu kama la mama huzitengeneza kidogo. Kipimo cha kawaida huhesabu kortisoli yote kwa pamoja, iliyobebwa na iliyo huru. Protini zikipungua, jumla hushuka, hata kama ile iliyo huru, ambayo ndiyo inayofanya kazi mwilini, haijapungua. Inaniuma kwamba mmepewa namba tupu bila kuelezwa hilo.

Halafu kuna suala la saa. Kortisoli hupanda asubuhi mtu anapoamka, ikashuka kutwa nzima hadi usiku wa manane. Sampuli ya jioni huwezi kuilinganisha na viwango vya asubuhi. Na dawa nazo, hasa zile za jamii ya steroidi: deksamethasoni huzima kortisoli ya mwili wenyewe, na predinisoloni baadhi ya mashine huihesabu kama kortisoli. Tafadhali lakini, asiache dawa yoyote ghafla kwa sababu ya barua yangu.

Sisemi namba hiyo ipuuzwe. Wagonjwa wa ini wengine tezi zao hushindwa kweli kutoa kortisoli ya kutosha. Akianza kutapika, kuishiwa nguvu au kuzimia, mwambieni daktari siku hiyo hiyo.

Ila narudi kwa kaka yako, maana hilo bado linanichoma. Homa hupandisha kortisoli, maumivu huipandisha, hata hofu ya sindano. Adrenalini, ile homoni nyingine ya msongo, ndiyo kabisa, hukaa kwenye damu dakika chache tu. Hakuna chupa ya damu itakayomwambia mama anawaza nini usiku. Akae naye, amuulize.

Sasa nijibu: damu ilitolewa saa ngapi? Walipima jumla peke yake, au na ile iliyo huru? Hawakutaja kupima mate? Kwenye mate huonekana ile iliyo huru. Albumini yake, mojawapo ya zile protini za ini, imesomaje? Orodha ya dawa zake zote unayo, uniandikie? Anakula? Na wewe unalala, au Zuhura bado hajaja kukupokea zamu?

Ukienda kliniki, nipigie kabla hujaingia kwa daktari, tupange maswali pamoja.

Wako,
Rehema