Barua kwa Mutiso kuhusu filimbi ya kuanzia

South B, Nairobi

Ndugu yangu Mutiso,

Natumai u mzima, pamoja na Mama Mwikali na watoto. Umeuliza kama ile filimbi ya bati (tin whistle, ala ya muziki yenye matundu sita) ya dola 200, iliyotengenezwa kwa mkono, itakufundisha haraka kuliko hizi za bei nafuu. Mimi nasema usiagize bado. Ongeza nauli na ushuru wa forodha, uone unalipia nini wakati vidole havijajua kuziba matundu.

Wanaozisifia wana hoja moja ya kweli: anayeanza na filimbi mbovu hajui kosa ni lake au la chombo, na wengi huacha wakidhani hawana kipaji. Lakini hilo linajulikana kwa selotepu tu. Ziba matundu yote sita, kandamiza kingo vizuri, kisha puliza taratibu kama unayepasha vidole joto. Ikitoka do ya chini iliyotulia, filimbi ni nzima. Na kama kwa vidole do hiyohiyo inaruka juu au inapiga ukelele, kuna tundu linalovuja. Mara nyingi ni kidole cha pete cha mkono wa kulia, kwa sababu watu huziba kwa ncha badala ya nyama ya kidole. Bandua selotepu moja moja kuanzia chini: re, mi, fa, so, la, na yote yakiwa wazi, ti. Wewe umeimba kwaya kwa solfa, noti iliyopinda utaitambua bila kuambiwa.

Ikikwama hata kwa selotepu, kagua kichwa, yaani sehemu unayopulizia. Vichwa vya filimbi kama Generation ya Uingereza ni plastiki ya kalibu, na pengine mabaki membamba hubaki pale dirishani, kwenye ukingo unaopasua hewa. Hapo noti za juu hukwaruza. Yatoe kwa wembe, ila ukingo wenyewe usiuguse. Ukishauchonga, umetupa pesa.

Kichwa kimegandishwa kwa gundi. Kitumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika moja hivi, ukishike kwa taulo, ukizungushe huku unavuta. Ukichungulia kwa ndani, chini ya njia ya hewa (mwanya unaopulizia), utaona uwazi. Uwazi huo huyumbisha sauti, hasa oktava ya pili, yaani zile noti za juu unazopata kwa kupuliza kwa nguvu zaidi. Ujaze plastisini (ule udongo laini wa kuchezea watoto) kiasi cha njegere, uishindilie kwa kitako cha penseli mpaka iwe sawa na ukuta wa kizibo, yaani kipande kilicho chini ya njia ya hewa. Isitokeze mbele, wala isiingie kwenye njia ya hewa. Unaporudisha kichwa usikisukume mpaka mwisho, maana kikizama sana noti zote hupanda. Pima kwa programu ya simu: do ya chini ya filimbi ya D (ambayo do yake ni noti ya D) ni kama hezi 587. Ipashe kwa pumzi kwanza. Kwa baridi ya Julai hapa kwetu noti zitashuka, nawe utalaumu kichwa bure.

Mate yakiziba njia ya hewa, pitisha tone la sabuni ya vyombo lililochanganywa na maji, uache likauke bila kusuuza.

Filimbi nzuri ya fundi itakupa oktava mbili zinazolingana na kichwa cha kusogeza bila maji ya moto. Lakini baadhi zimeundwa kwa wapigaji wanaotaka kusikika katikati ya fidla, kwa hiyo zinadai pumzi yenye nguvu ambayo anayeanza hajaijenga. Na kwenye fleti zetu hizi, oktava ya pili jirani ataisikia kabla yako. Kuna pia Clarke ya bati lililokunjwa na kizibo cha mti, umbo lililoanza 1843. Ina sauti tamu yenye hewa hewa, ila inakula pumzi. Ungeniuliza, singeanza nayo. Yoyote utakayochukua iwe ya D, urefu wa sentimita 30 hivi, kwa kuwa masomo mengi yameandikwa kwa hiyo.

Nunua ya fundi siku utakapopanda oktava mbili bila ukelele, na C ya kawaida, noti iliyo chini kidogo ya ti (tundu la juu wazi, la pili na la tatu yamezibwa, mengine wazi), ikaanza kukuudhi kwa kutokaa sawa. Kwa sasa nirekodie do ya selotepu na do ya vidole, unitumie kwa WhatsApp kabla hujalipa chochote.

Wako,
Odhiambo