Barua ya wazi kwa vijana walionitaka nishike ganuni bila kuipiga

Wanangu,

Assalamu alaykum. Ninakuandikieni nyinyi mlionialika Jumapili ile kwenye chumba chenu cha mazoezi huko Ng'ambo, na kwa kupitia kwenu ninawaandikia vijana wote wa Unguja na Pemba wanaotamani kupanda kwenye jukwaa la Sauti za Busara, tamasha la muziki la hapa Zanzibar. Majina yenu sitayataja, kwa sababu wazee wenu ninawajua na jambo hili nataka liishe kwa malezi. Hata hivyo, lililotokea ni lazima nilieleze, maana tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri.

Mlinipokea kwa adabu, hilo ninalikiri. Mmoja wenu aliipokea ganuni yangu, chombo cha nyuzi cha taarabu, mlangoni kwa mikono miwili, mwengine akaniwekea mto, na chai ya tangawizi ikaletwa kabla sijakaa sawasawa. Nikafungua ile khanga ya marehemu bibi yenu ambayo ndiyo ninayoifungia ganuni, nikatoa ufunguo, nikaanza kupanga nyuzi. Sikuwa nimefika hata uzi wa sita, kijana wa kompyuta akainama sikioni mwangu akasema: "Babu, usijisumbue kuzipanga. Wewe shika tu, chezesha vidole, sisi tunataka picha. Sauti ipo tayari, tutaiweka baadaye." Nikauliza ganuni hiyo iliyo tayari imepigwa na nani. Mkanijibu kwamba ni kinanda, kina kitufe chake cha ganuni. Nikauliza kuhusu fidla, nikauliza kuhusu dumbaki, ile ngoma ndogo ya mkono, aliyoishika yule binti aliyekaa pembeni, nanyi mkacheka. Kisha mkanieleza kwa furaha kwamba video hiyo ndiyo mtakayoipeleka kwa wanaochagua wasanii wa tamasha. Niliifunga ganuni yangu nikarudi nyumbani kwa miguu, na hasira niliyotoka nayo haijaisha hadi leo.

Tamasha hili, tangu lilipoanza mwezi wa Februari mwaka 2004, limeshikilia sharti moja bila ya kulilegeza: anayepanda jukwaani apige papo hapo na aimbe papo hapo, mbele ya watu. Sharti hilo halikutoka hewani. Wakati ule, huku kwetu na Dar es Salaam, ilikuwa imeshakuwa kawaida mwimbaji kuja ukumbini na CD mfukoni, akaifungulia, akashika kipaza sauti na kuchezesha midomo, na wapigaji waliotumia miaka kujifunza wakabaki nyumbani hawana kazi. Kwa hiyo video yenu, wanangu, ilikuwa ni ya kuwadanganya watu ambao wameshasema wazi wanachokitaka. Ninalitumia neno lenyewe, uongo, kwa sababu sijaliona jengine linalofaa. Na lau uongo huo ungekubaliwa, mngelifanya nini usiku mnaitwa jukwaani Ngome Kongwe, ganuni iko mbele ya kipaza sauti, na watu wametulia wanakusubirini?

Wengi wenu mmezaliwa tamasha likiwapo, ndiyo maana mnalichukulia kama msimu wa maembe, kwamba litakuja lenyewe. Sisi tunaukumbuka mji kabla yake. Mwaka 1998 lilianza Tamasha la Nchi za Jahazi, hilo mnaloliita ZIFF, na hapo ndipo watu walipoanza kuzoea kuiona Ngome Kongwe imejaa usiku. Yusuf Mahmoud, ambaye alikuwa akishughulikia muziki kwenye tamasha hilo la filamu, akaanzisha na wenzake Busara Promotions mwaka 2003, na mwaka uliofuata wakaufungulia muziki tamasha lake peke yake, katika mwezi wa kaskazi ambapo jua ni kali na masika haijafika. Wakaja watu wa Mali, wa Senegal, wa Afrika Kusini, wa visiwa vya Bahari ya Hindi, wakapiga jukwaa moja na kidumbaki chetu chenye besi ya sanduku na cherewa za kutikisa, na ngoma za Pemba zikatembea katika gwaride la ufunguzi mpaka mjini. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na kitu wakati huo, na nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba ganuni yangu itakwenda kuwekwa ukutani.

Na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, kuhusu kupanga nyuzi, jambo ambalo mliniambia nisijisumbue nalo. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti moja, na zote tatu lazima ziseme neno moja. Mmoja ukiteleza kidogo tu, sauti inakuwa kama watu watatu wanaosema amin kwa nyakati tofauti. Mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mshoni wa makoti, na miezi minne ya mwanzo hakuniruhusu kuvaa pete za kupigia kwenye vidole vya shahada. Kazi yangu ilikuwa ni kupanga tu. Nikishamaliza, yeye huchukua ufunguo akailegeza nusu nzima ya ganuni, akenda zake kusali magharibi, na akirudi msikitini anataka kuikuta imekaa katika makamu ya Rasti, yaani mpango wa sauti unaoitwa hivyo. Usiku mmoja umeme ulikatika. Nikatafuta taa ya chemni, akanizuia, akasema kuwa masikio hayahitaji taa. Nikaipanga gizani, nikilia kwa uchovu, naye amekaa kitini anashona tundu za vifungo kwa kupapasa. Alipoisikia imekaa, hakunisifu hata kwa neno moja. Alinivulia pete zake akanipa.

Miaka mingi baadaye, katika moja ya usiku wa tamasha hili hili, pepo za jioni zilikuwa zimeleta unyevu kutoka baharini, na ngozi iliyo chini ya kigongo cha ganuni ikalegea. Kila nilichokipanga mchana kilikuwa kimeshuka. Nilikaa nyuma ya jukwaa na ufunguo wangu, jasho linanitoka, wimbo wa waliotutangulia unakaribia kumalizika. Pembeni yangu alikuwapo kijana wa Kimali na kora yake, chombo cha kibuyu chenye nyuzi 21, naye anahangaika vile vile, sikio amelilaza juu ya kibuyu. Hakuwa na Kiswahili na mimi sina Kifaransa. Aliniangalia, akapiga uzi wake mmoja akaniinulia nyusi, nikasikiliza, nikamwashiria apandishe kidogo. Nami nikampigia wangu, akaniashiria nishushe. Tulimaliza pamoja. Wanangu, jambo hilo ndilo tamasha, na hakuna kitufe cha kinanda kitakachokupeni.

Mtaniambia kwamba zamani zimepita. Basi itazameni hiyo zamani vizuri. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hapakuwa na kukata wala kuunganisha. Sindano ilichora kwenye nta kile kilichopigwa dakika ile, na kikundi chake kikikosea kinarudia wimbo tangu mwanzo. Vikundi vya taarabu vya Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, na Culture Musical Club, cha mwaka 1958, vimefika hapa kwa watu kukaa pamoja jioni na kurudia kipande kile kile mpaka kikae. Bi Kidude, yule mwimbaji Fatuma binti Baraka, alisimama kwenye jukwaa la Busara akiwa bibi kizee, na sauti iliyotoka ilikuwa yake, na ngoma aliyoipiga aliipiga kwa mikono yake. Tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, aliyopewa mwaka 2005 ilimkuta hivyo hivyo, hakujigeuza mtu mwengine ili aipate. Alifariki Aprili 2013, na nyinyi mnaiweka picha yake kwenye fulana.

Mmoja wenu alisema, nami nilisikia ingawa alisema kwa sauti ya chini, kwamba haidhuru, kwani tamasha lenyewe ni la wazungu. Neno hili ninalisikia barazani, sokoni, na hata kwenye vinywa vya watu wazima ambao ingewapasa kujua zaidi, na limenichosha. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika, kwa sababu fedha hazikupatikana. Nilipita Forodhani siku zile za Februari, wauza pweza wamekaa nyuma ya meza zao, na wale wale waliokuwa wakisema ni la wazungu ndio waliokuwa wakiuliza wageni wamekwenda wapi. Likarudi mwaka 2017. Tiketi peke yake hazijawahi kutosha kulipia gharama; kwa miaka mingi Norwei ndiyo iliyobeba sehemu kubwa, mpaka msaada wake ulipomalizika mwaka 2022. Ninawauliza wenye hoteli ambao vyumba vyao hujaa wiki ile, na wenye mikahawa, na wenye kampuni za kutembeza watalii: ni wangapi kati yenu mliowahi kuchangia hata gharama ya kuwaleta mjini wachezaji wa ngoma kutoka Pemba na kuwalaza mahali pa heshima? Kitu ambacho jirani wa mbali anakilea na mwenye nyumba anakila, mwenye nyumba hana haki ya kukiita cha jirani.

Na wazazi nao wasijifiche nyuma ya barua hii. Wanamlipia mtoto masomo ya jioni ya kila namna, lakini akileta udi, kile chombo cha nyuzi, nyumbani anaambiwa amepotea. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilichofunguliwa mwaka 2002 kimewafundisha vijana wetu ganuni, udi na fidla, na kimefika mahali pa kukaribia kufunga milango kwa kukosa fedha, huku katika harusi zetu tukikodi mashine na spika kubwa, kisha tukilalamika kwamba taarabu inakufa. Skulini muziki haufundishwi kama somo la maana. Katika hali hiyo, kijana wa kompyuta angejifunzia wapi kwamba ganuni hupangwa kabla ya kupigwa? Nikilifikiri hilo, hasira yangu kwenu hupungua kidogo.

Jumba la Beit-el-Ajaib lilijengwa mwaka 1883 kwa ajili ya Sultan Barghash, na inasimuliwa kwamba ni Barghash huyo huyo aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim mjini Cairo akajifunze ganuni na kuileta hapa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka mchana kweupe, ikaua watu wawili, baada ya miaka mingi ya watu kuziona nyufa na kupita. Wiki saba baadaye, katika Februari ya 2021, dunia ikiwa bado katika maradhi ya korona, tamasha lilifanyika kwa siku mbili Ngome Kongwe, jirani kabisa na kifusi kile. Nilisimama baina ya viwili hivyo. Cha mawe kilikuwa chini. Ganuni ilikuwa inasikika ng'ambo ya ukuta, kwa sababu watu fulani walikuwa wamekesha wakiipanga.

Mengine nitayataja tu, kwani mnayajua. Mkiitwa kupima sauti saa nane, fikeni saa saba. Wapigaji walipwe siku ile ile, tena kabla ya mwimbaji. Mkataba usomwe wote na usisainiwe kwenye boneti la gari. Wenzenu wakiwa jukwaani, kaeni msikilize mpaka mwisho, hasa wazee wa ngoma ambao mnapenda kuwapiga picha kisha mkaondoka. Msiukate wimbo wa taarabu kwa kuogopa kwamba mgeni atachoka, kwani mgeni amekuja kwa ajili yake. Adhana ikitolewa, nyamazisheni vyombo. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka na sasa imeshafika Februari, kwa hiyo tarehe za tamasha zikisogezwa msinung'unike, jipangieni mazoezi mapema.

Na yule binti wa dumbaki nina neno lake. Wakati nyinyi mnafunga taa na kupanga viti, nilimsikia akiigonga taratibu kwa ncha za vidole, amefumba macho, na mapigo yake yalikuwa sawa. Yule anajua, nanyi mlimweka awe picha.

Video ile ifuteni. Njooni kwangu Alhamisi baada ya alasiri, kabla upepo wa jioni haujaanza. Binti aje na dumbaki yake na mkaa utakuwapo wa kuipashia ngozi, wa fidla aje na fidla aliyoipanga mwenyewe, na kijana wa kompyuta aje mapema zaidi ya wote, kwa sababu nina ufunguo wa pili na nataka akae nami kwenye nyuzi za chini. Simu moja tutaiweka juu ya kabati. Tutaupiga wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, tukikosea tutaanza tena, hata ikiwa mpaka isha, na utakaotoka ndio mtakaoupeleka.

Babu yenu, mpiga ganuni,
Unguja